Umejuaje?

Darasa letu la jioni, Kilembe,
lilikuwa katika ofisi ya zamani ya mishahara ya mgodi.
Dirisha lake lina nondo bado. Hapo baba yangu alipanga foleni
akachovya kidole gumba kwenye wino,
asijue karatasi inasema amelipwa ngapi.
Benchi nne, taa moja ya sola.
Mimi Masereka, fundi wa matofali, miaka hamsini na mmoja,
niliona haya kushika penseli mbele ya binti wa jirani,
nikaishika hivyo hivyo, kama mtu ashikavyo kifaranga.

Mwalimu Ithungu hakuanza na a, e, i.
Aliandika neno moja ubaoni,
tukalikokota wiki mbili, silabi kwa silabi:
u-me-ju-a-je.
Ukisema bei ya kahawa imeshuka: umejuaje?
Ukisema wa ng'ambo ya mto ni wezi: umejuaje?
Tukacheka, tukalipeleka neno nyumbani.
Mke wangu aliponiambia chakula hakijaiva nikamwuliza;
nililala na njaa.

Lakini neno hilo si la mchezo.
Mwaka uliotangulia, Nyamwamba ulifurika usiku,
ukabeba nyumba za mtaa mzima,
ukafika mlangoni kwa mama Nzyabake, ukapinda.
Asubuhi yeye alikuwa amesimama na ufagio wake,
sisi tumesimama na matope.
Ikasemwa ameuita mto yeye mwenyewe.
Usiku uliofuata mawe yakanyesha juu ya bati lake.
Matundu yapo hadi leo.
Moja ni langu.

Hilo sikulisema darasani.
Jumamosi nikavaa viatu, nikaenda kuulizia.
Mumbere kinyozi, nani alikuambia?
Shemeji yangu, muuza dagaa.
Muuza dagaa alimsikia Biira wa kwaya,
Biira alimsikia mlinzi wa lango la mgodi,
mlinzi akakuna kichwa, akataja vijana wawili wa bodaboda,
nao, baada ya kubishana, wakanionyesha mlima.
Nikapanda hadi Kyanjuki, kwa Kabugho,
nikamkuta anatwanga karanga.
Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayeuliza jina lake mwenyewe.
"Si wewe, Masereka?
Siku ile unanijengea ukuta, mdomo umejaa muhogo wangu,
ulisema maji yamemwogopa yule mama.
Ukacheka."
Mchi ukaendelea.

Nilishuka mlima nikihesabu hatua ili nisifikiri.

Jumanne nikasema. Benchi zilinyamaza.
Ithungu hakunihubiria; alitoa kamba,
akasema kesho saa kumi tukutane mtoni.
Tukapima darasa zima, Mumbere ameshika ncha moja.
Nyumba ya Nzyabake imekaa juu ya kifusi cha mgodi,
futi saba kutoka nyumba zetu zilipokuwa.
Futi saba.
Maji hayana habari ya ufagio.

Nikaenda kwake na ngazi na kopo la lami.
Maneno niliyoyaandaa njiani yote yalinikimbia.
Akaishika ngazi, hakusema kitu,
nami juu pale, nikiziba tundu baada ya tundu,
sikujua lipi nililitoboa mimi,
kwa hiyo niliziba yote.

Alhamisi moja akaja darasani, kanga imekazwa.
Akakaa benchi ya nyuma, benchi ikabaki yake peke yake.
Ithungu hakumlazimisha mtu.
Aliichukua taa, akaiweka kwenye benchi ile,
akaendelea kuandika ubaoni.
Aliyetaka kuona daftari lake ilibidi asogee.
Wa kwanza alikuwa binti wa jirani. Kisha Biira.

Sasa Nzyabake anatushinda kuzidisha,
maana ameuza maharage kwa vikombe miaka thelathini.
Juzi kaja mgeni, nami, kwa kujitapa kidogo,
nikamweleza habari yote, mawe na lami,
nikamalizia: na huyu mama amenisamehe.

Nzyabake hakuinua kichwa.
Alimaliza hesabu yake, akapiga mstari chini,
akasema:
"Umejuaje?"